Hereni za Kambare

Kila asubuhi Mama Tanuri alitoa vikombe viwili kabatini. Kisha alikumbuka, akarudisha kimoja. Mume wake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, lakini mkono ulikuwa bado haujapata habari.

Baada ya chai alichana kalenda. Ilikuwa kalenda ya ukutani, ile yenye karatasi moja kwa kila siku. Zamani kuchana ilikuwa kazi ya mume. Alichana kwa pupa, kwa mkono wa kushoto, na kila mara pembe ya juu ya karatasi ilibaki ukutani. Kisha alitangaza tarehe kwa sauti kubwa, kama mtangazaji wa redio. Mama Tanuri alichana taratibu, karatasi ikatoka nzima. Tarehe aliitangaza pia. Hapakuwa na wa kuisikia, lakini aliitangaza.

Karatasi hakuitupa. Aliikunja akaitia mfukoni mwa aproni. Hakuna siku iliyokosa kitu kidogo cha kufunga: chumvi, sindano, vitunguu viwili.

Halafu alichukua beseni na kisu, akateremka mwaloni. Hapo ndipo mitumbwi iliposhusha samaki kutoka ziwani. Yeye alinunua kambare, akawapasua, akawakausha kwa moshi katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake. Kwa sababu ya tanuri hilo, hata watu waliomjua tangu utoto walisahau jina lake.

Mwaloni palikuwa na utaratibu mmoja wa zamani. Kila mtumbwi ulifunga samaki wake kwa kamba ya rangi yake, ili mafungu yasichanganyike, na kila mmoja ulikuwa na mahali pake pa kuvulia. Kamba nyekundu ilikuwa ya Kidevu, shemeji yake Mama Tanuri, mdogo wa marehemu. Bluu ilikuwa ya mapacha. Nyeupe ilikuwa ya mzee mmoja asiyependa maneno. Kijani ilikuwa ya mume wake. Siku hizi hakuna aliyetumia kijani.

"Shemeji!" Kidevu aliita, huku ndevu zake zikidondosha maji. "Jana nimevua kambare kavaa hereni ya manjano. Mke wangu kaniuliza, samaki anavaa, mimi je?"

Watu wakacheka.

"Hereni umeifanyaje?" akauliza pacha mmoja.

"Ningeifanyaje? Nimeirudisha majini. Waivae kwa zamu."

Kicheko kikapanda tena, kisha kikakatika. Msichana mmoja alikuwa amepita karibu nao.

Walimwita Binti Rula. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila siku alikaa peke yake juu ya kreti lililopinduliwa, na mapajani alikuwa na ubao mrefu wenye mistari ya sentimita. Alisubiri mvuvi amletee samaki wa kupima. Wavuvi wachache walimpa samaki. Maneno hakupewa na yeyote. Alipokaribia, watu walianza kukunja nyavu ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Ukimya huo ulikuwa na sababu. Miaka saba nyuma, ofisi ya uvuvi ilikamata nyavu za macho madogo na kuzichoma moto pale pale mchangani. Za mume wa Mama Tanuri zilikuwamo. Tangu siku hiyo mume hakumsalimia tena ofisa wa uvuvi, yule ambaye wote walimwita Bwana Samaki. Baadaye hereni zilipoanza kuonekana kwenye migongo ya kambare, mume alisema mbele ya wote: "Kitu chenye namba ya serikali, tupa majini. Leo wanahesabu samaki. Kesho watatuhesabu sisi."

Basi watu wakatupa. Wengine walisema ndani ya hereni kuna chombo cha kusikiliza, eti ukikaa nayo nyumbani ofisi inajua umekula nini.

Hata hivyo hereni nyingine zilifunikwa na utelezi na nyama iliyopona, zikawapita wavuvi bila kuonekana. Hizo zilinaswa na vidole vya Mama Tanuri wakati wa kupasua. Yeye hakuzitupa. Tangu mume afariki alikuwa hawezi kutupa kitu chochote. Aliichomoa hereni, akaifunga kwenye karatasi ya kalenda iliyokuwa mfukoni, akazungusha kipande cha kamba kilichotoka kwa samaki yuleyule. Kisha alikidondosha kifurushi katika kopo la mume, lililokuwa na ndoano zake za zamani. Lile kopo hakuwa amewahi kulimwaga. Alifungua kifuniko, akadondosha, akafunga.

*

Siku moja mvua ilishuka kwa ghafla. Mama Tanuri alikuwa akichochea moto aliposikia sauti.

"Hodi, mama. Naomba kujikinga tu."

Binti Rula alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, ubao wake ameukumbatia kama mtoto. Maji yalimtiririka hadi kwenye viatu.

"Karibu," alisema Mama Tanuri. Mazoea ya maisha yote yalisema kabla yeye hajaamua. "Sogea kwenye moto, mwanangu. Utapata homa."

Wakakaa. Mvua ilipiga bati.

"Samahani nikikutazama sana," binti alisema mwishowe. "Leo ni siku ya tisa sijaongea na mtu. Naongea na kambare tu."

"Wanakujibu?"

"Wananipanulia mdomo."

Mama Tanuri alicheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe, kilikuwa hakijatoka siku nyingi. Akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya chai.

"Hivi wewe ni wa serikali au wa chuo?" aliuliza. "Watu hawaelewi."

"Nasoma chuo kikuu. Lakini kazi hii ni ya wote wawili. Walitia saini makubaliano."

"Ya nini? Serikali si inazo ofisi zake?"

"Inazo, mama. Ina boti, ina maofisa kila mwalo, ina sheria. Ila haina maabara, na Bwana Samaki mmoja ana mialo kumi na minne. Atapima samaki saa ngapi? Chuo kina maabara, na kina watu kama mimi wa kukaa miaka mitano wakiangalia samaki wa aina moja. Lakini chuo hakina boti wala mamlaka. Tukigundua jambo zuri, bila serikali linabaki kwenye vitabu. Serikali nayo ikitunga sheria bila utafiti, inapapasa gizani."

"Kama ilivyochoma nyavu."

Binti Rula akaweka kikombe chini. "Sikuwepo, mama. Nimesikia."

Akatia mkono mfukoni, akatoa hereni mpya ya manjano. Ilikuwa uzi wa plastiki, mfupi kama kidole cha mwisho, wenye namba ndogo. "Shika. Una kisu? Ikate."

Mama Tanuri aliipasua kwa urefu, jinsi anavyopasua samaki. Akatazama ndani. Akaikata tena vipande vinne. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na chombo. Ilikuwa plastiki, na ndani ya plastiki, plastiki.

"Sasa inafanya kazi gani?"

"Yenyewe haifanyi kazi. Mtu ndiye anayefanya. Sisi tunamvua kambare, tunampima, tunamvika namba, tunamwachia. Tunaandika tarehe na mahali. Siku mvuvi akimvua tena, akituletea namba, tarehe, mahali na urefu wa samaki, basi tunajua amesafiri wapi na amekua kiasi gani. Tumewavisha kambare elfu mbili katika ghuba hii, mama. Ng'ambo ya ghuba wamerudisha hereni arobaini na mbili. Mwalo huu haujarudisha hata moja."

Mama Tanuri akatazama moto.

"Kambare wanapungua. Hilo unalijua kuliko mimi," binti aliendelea. "Wanatakiwa kulindwa wakati wa kuzaa. Lakini hatujui ni lini wala wanazalia wapi. Wiki ijayo kuna kikao. Kwa kuwa hatujui, wanataka kufunga ghuba yote, mwaka mzima. Hakuna mtumbwi utakaoingia majini."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Mvua ikapungua. Binti Rula aliosha kikombe chake bila kuambiwa, akashukuru, akaenda. Mama Tanuri alibaki na kile kikombe mkononi muda mrefu.

*

Jumapili mchana binti yake mwenyewe alipiga simu kutoka mji wa mbali, kama alivyofanya kila Jumapili.

"Wakifunga ziwa, njoo ukae kwetu," alisema. "Utalala na watoto. Televisheni ipo."

"Nitafanya kazi gani?"

"Kazi ya nini tena, mama? Utapumzika."

Mama Tanuri alitazama dirishani. Aliliona tanuri, na nyuma yake kaburi lenye saruji alilolipaka chokaa kwa mikono yake. Kwa upande mwingine palikuwa na njia ya kwenda mwaloni. Mwaloni ndiko alikotaniwa, ndiko alikoulizwa ameamkaje. Mwalo ukifungwa, hata salamu ya asubuhi hangekuwa nayo. Na akihamia kwa mwanawe, nani angechana kalenda katika nyumba hii?

Jioni ile alimwita Kidevu, akamwambia habari za kopo.

"Shemeji, umezitunza?" Kidevu alisimama. "Kaka alisema zitupwe! Ukizipeleka umetuuza. Watajua nani kavua nini, wapi."

"Wasipojua, wanafunga ghuba."

"Waache wafunge. Watafungua wenyewe njaa ikiwauma."

"Njaa itawauma wao au wewe?"

Kidevu alivuta ndevu, akavaa kofia. "Marehemu angekuwepo, usingethubutu," alisema, akaondoka.

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa hata yeye alihofia ni kweli.

Siku tatu kopo lilikaa mezani. Siku ya nne alilifunika kwa kanga, akateremka nalo mwaloni wakati mitumbwi yote imeegeshwa. Hakutaka kwenda kwa kificho.

Binti Rula alikuwa kwenye kreti lake. Pembeni alisimama Bwana Samaki mwenyewe, mwanamume mnene mwenye miwani, aliyekuja kwa ajili ya kikao. Mama Tanuri alitaka kurudi. Akasogea hadi mbele yake.

"Wewe ndiye uliyechoma nyavu za mume wangu," alisema.

Mikono iliyokuwa ikikunja nyavu ikasimama.

"Ndiye mimi," alijibu Bwana Samaki. Akavua miwani. "Nyavu zile zilikuwa za macho madogo, mama, zilikuwa zinazoa vifaranga. Sheria ndivyo ilivyosema. Lakini sikukaa na mtu yeyote nikaeleza. Nilileta kiberiti kabla ya maneno. Hilo ni kosa langu, na limenigharimu miaka saba ya migongo."

Alimaanisha migongo ya watu. Hata sasa wengi walikuwa wamempa mgongo.

"Nikitoa nilichonacho, mtamkamata nani?"

"Hakuna. Makubaliano yetu na chuo yako wazi: hereni haitumiki kumshtaki mtu. Hatuandiki jina."

"Basi jina msiniulize."

Akalifungua kopo.

Binti Rula alipoona hereni ya kwanza aliruka karibu aanguke. Kisha uso ukamshuka. "Mama, namba peke yake haitoshi. Bila tarehe na mahali..." Alikuwa ameikunjua karatasi. Akaigeuza huku na huku. "Hii karatasi ni ya siku gani?"

"Ya siku ile niliyompasua samaki. Nafungia chochote kwa karatasi ya siku."

"Zote?"

"Zote. Kwani ningefungia karatasi ya kesho?"

Pacha mmoja alicheka. Binti Rula hakucheka. Alikuwa ameshika kipande cha kamba nyekundu kama mtu aliyeokota hirizi. "Na hii?"

Mama Tanuri alisita. Kidevu alikuwa hatua chache kutoka hapo, mikono ameifunga kifuani.

"Nyekundu," alisema polepole, "ni samaki wa mdomo wa mto. Bluu ni miambani. Nyeupe ni kwenye kina. Kila kamba na mahali pake. Wa nani, sisemi."

Walipanga vifurushi juu ya mchanga kwa kufuata tarehe. Vilikuwa ishirini na tatu. Watu waliokuwa wamesimama mbali wakaanza kusogea. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: jambo lilikuwa mbele ya macho. Miezi ya kawaida rangi zilichanganyika, bluu, nyeupe, nyekundu, bluu. Ile miezi miwili ya mvua kubwa, kila mwaka, zilikuwa nyekundu tupu.

"Wanakwenda mtoni kuzaa," alisema Binti Rula. "Miezi miwili. Mahali pamoja tu."

"Basi hakuna haja ya kufunga ghuba," alisema Bwana Samaki. "Ni mdomo wa mto. Hiyo miezi miwili."

Kidevu akatema mate mchangani. "Yaani ni mimi. Ahsante, shemeji. Umewafungulia wote mlango, wangu ukaufunga."

Ilikuwa kweli, nayo ilimuuma Mama Tanuri. Ili asimtazame shemeji yake machoni, aliinama, akapindua kopo vitoke vilivyobaki. Zikadondoka ndoano zenye kutu. Kisha, kutoka chini kabisa, kikadondoka kifurushi kimoja alichokuwa hajawahi kukiona.

Kilifungwa kwa kamba ya kijani.

Kamba yenyewe ilikuwa ndefu, imezungushwa mara nyingi, na ilikuwa na fundo kila ncha. Ndani palikuwa na hereni ya manjano. Karatasi ilikuwa ya kalenda ya miaka minne nyuma. Pembe yake ya juu haikuwepo. Ilikuwa imebaki ukutani.

Mama Tanuri akakaa chini, mchangani, kopo likiwa mapajani.

"Mwaka ule tulipoanza niliita mkutano hapa," Bwana Samaki alisema kwa sauti ya chini. "Nilieleza mambo matatu: tarehe, mahali, urefu. Mumeo alisimama nyuma kabisa. Akaondoka kabla sijamaliza. Nilidhani hakusikia neno."

Binti Rula aliinyoosha kamba ya kijani juu ya ubao wake, fundo hadi fundo. "Sentimita hamsini na nane," alisema. "Karatasi ni tarehe, rangi ni mahali, na huu ndio urefu wa samaki wake. Mama, katika zote, hii peke yake ndiyo iliyokamilika."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekunja wavu. Kidevu alikuja, akachuchumaa kando ya shemeji yake. Aliichukua ile karatasi, akapitisha kidole pale pembe ilipokosekana.

"Kaka," alisema. "Kichwa kigumu kuliko jiwe. Kumbe alitaka kuirudisha, alikuwa anatafuta tu pa kupitia."

*

Kikao kilifanyika. Ghuba haikufungwa. Mdomo wa mto ulifungwa miezi miwili ya mvua kubwa, na miezi hiyo mapacha walimgawia Kidevu sehemu ya miamba yao. Alilalamika kila siku, lakini hakuvunja amri. Mwaka wa pili wavuvi walikuwa wakivua kambare wanene, wakubwa kuliko wa miaka mingi. Mwaloni likatundikwa sanduku la mbao lenye tundu, na juu yake maneno manne: NAMBA, TAREHE, MAHALI, UREFU. Asiyeweza kuandika alimpelekea Mama Tanuri. Yeye ndiye aliyejaza fomu, herufi moja moja, bila kuharakishwa na mtu.

Binti Rula alimaliza utafiti wake, akarudi chuoni. Siku alipoondoka alikunywa chai, akaosha kikombe, akakirudisha mwenyewe kabatini. Kreti lake lilibaki mwaloni. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyelikalia.

Siku moja Bwana Samaki alileta bahasha kutoka chuo. Kila aliyerudisha hereni alipewa habari za samaki wake. Kwa kuwa majina hayakuandikwa, bahasha iliandikwa hivi: *Kwa mvuvi wa kamba ya kijani.*

Mama Tanuri hakuifungua hapo. Aliipeleka nyumbani. Asubuhi yake alitoa vikombe viwili, na safari hii hakurudisha kimoja. Alichana kalenda, akatangaza tarehe. Kisha aliketi, akafungua bahasha, akasoma kwa sauti kubwa, kama mtangazaji wa redio:

"Kambare wako aliachiwa kwenye kina cha ghuba akiwa na sentimita arobaini na moja. Alisafiri kilomita kumi na saba. Alikaa majini siku mia nne na sita. Ahsante kwa kutujulisha."

Nje, moto wa tanuri ulikuwa haujawashwa, na njia ya mwaloni ilikuwa bado tupu.

"Kilomita kumi na saba," alikiambia kikombe cha pili. "Nawe hukusema kitu."

Alimaliza chai yake. Akachukua beseni na kisu, akaitia karatasi ya siku mfukoni mwa aproni, akateremka ziwani.